Habari Iliyochelewa



Leo sikuleta zoezi la ngeli wala orodha ya methali za kukariri. Nimekuja na kisa cha neno moja lililotamkwa darasani kwangu mwezi Juni mwaka jana, na cha kimya changu mwenyewe baada ya kulisikia. Kisa hiki kitatupeleka hadi jimbo la Texas nchini Marekani, kisha kitaturudisha nyumbani, kando ya Ziwa Tanganyika. Someni polepole, maneno magumu nitayaeleza njiani.

Ilikuwa kipindi cha pili cha asubuhi, katika shule ya sekondari ninakofundisha hapa Bujumbura. Somo lilikuwa kauli ya kutendwa, na ubaoni nilikuwa nimeandika: piga, pigwa, penda, pendwa, tuma, tumwa. Nilipofika kwenye jozi ya tatu, kijana mmoja wa safu ya nyuma alimgeukia mwenzake anayetoka mtaa wa Buyenzi, akasema kwa sauti iliyosikika na wote, "Hiyo ndiyo asili yenu ninyi Waswahili. Watumwa." Darasa likaangua kicheko. Aliyeambiwa naye alicheka, kwani kijana wa miaka kumi na sita hana namna nyingine ya kujisitiri mbele ya wenzake. Lakini niliona alivyoinamisha kichwa na kuanza kuchora mistari kwenye daftari bila kuandika neno. Mimi nikagonga ubao kwa chaki, nikasema, "Tuendelee." Tukaendelea.

Kwa msomaji asiyeujua mji wetu, yafaa nieleze. Buyenzi ni mtaa wa kale wa Bujumbura ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani, ya sokoni na ya gereji. Wengi wa wazee walioanza kuishi humo walitoka Ujiji au ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na wengi wao waliitwa Wamanyema. Katika Kirundi cha mitaani, kumwita mtu "umuswahili" mara nyingi si kutaja lugha yake, bali ni kumwita laghai. Kwa hiyo anayejifunza Kiswahili hapa kwetu anajifunza lugha ambayo baadhi ya watu wanaiheshimu kwa kuwa inatuunganisha na majirani zetu wa Afrika Mashariki, na wengine wanaishuku kwa kuwa iliingia bara pamoja na misafara ya pembe za ndovu na mateka. Mimi mwenyewe nimezaliwa Buyenzi. Neno lile lilinichoma mimi pia, na hiyo ndiyo sababu nililikimbia.

Usiku wa siku hiyo hiyo dada yangu mkubwa alinipigia simu kutoka Fort Worth, Texas. Dada aliondoka nchini mwaka 1993 akiwa mtoto, pamoja na shangazi yetu, akakulia kambini mkoani Kigoma, Tanzania, na hatimaye akapewa makazi Marekani, ambako anawahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Huku kwetu usiku, kwao mchana. Na mchana wa siku ya kazi dada hapatikani kwa simu. Nikashtuka.

"Kuna msiba?" nikamwuliza.

"Hakuna msiba, mdogo wangu. Leo huku ni sikukuu. Nimetoka kwa jirani, nimeshiba nyama ya kuchoma na tikiti maji. Ila nimesema uongo mbele za watu, na moyo haujatulia."

Uongo huo nitausimulia. Lakini hamtauelewa bila kuielewa sikukuu yenyewe.

Tarehe 1 Januari 1863, wakati Wamarekani wakipigana wao kwa wao, Rais Abraham Lincoln alitangaza kwamba watumwa wote waliokuwa katika majimbo yaliyoasi ni watu huru. Texas lilikuwa mojawapo ya majimbo hayo. Lakini tangazo ni karatasi. Hufika pale tu linapofikishwa na mwenye uwezo wa kulitekeleza, na majeshi ya Lincoln hayakuwa na nguvu Texas. Baadhi ya mabwana wa majimbo mengine hata waliwahamishia watumwa wao huko ili kuwaweka mbali na vita. Jeshi kuu la waasi lilisalimu amri Aprili 1865, na Lincoln akauawa mwezi huo huo. Bado mashamba ya Texas yaliendelea kulimwa na watu takriban 250,000 walioshikwa utumwani ingawa tangazo lilikwisha kuwataja kuwa huru. Tarehe 19 Juni 1865, katika mji wa bandari wa Galveston, Jenerali Gordon Granger alitoa Amri ya Jumla Namba 3, akiwaarifu watu wa Texas kwamba watumwa wote ni huru. Habari njema ilikuwa imechelewa kwa miaka miwili na nusu hivi.

Amri ile ni fupi, na kila anayejifunza elimu ya uraia angefaidika kuitafakari, kwa kuwa ndani yake mna mambo mawili yanayovutana. Inasema kwamba kati ya waliokuwa mabwana na waliokuwa watumwa sasa pana usawa kamili wa haki za nafsi na za mali, na kwamba uhusiano wao utakuwa ule wa mwajiri na mfanyakazi wa ujira. Papo hapo inawashauri walioachwa huru wabaki kimya pale walipo na kufanya kazi kwa mshahara, na inawaonya kwamba hawataruhusiwa kukusanyika kwenye kambi za jeshi wala hawatasaidiwa wakikaa bure. Watu waliofanya kazi maisha yao yote bila kulipwa senti walionywa juu ya uvivu siku ile ile ya kuambiwa kwamba wako huru.

Utumwa ulipigwa marufuku nchi nzima kwa Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyoidhinishwa tarehe 6 Desemba 1865. Hata hayo yaliacha mlango mmoja wazi: kazi ya kulazimishwa kwa mtu aliyehukumiwa kwa kosa la jinai. Hapo ndipo mwalimu wa uraia husema kwamba sheria husomwa hadi nukta ya mwisho.

Mwaka uliofuata, 1866, watu wa Texas walianza kuiadhimisha tarehe 19 Juni. Hakuna serikali iliyowaagiza. Walikutana makanisani na kando ya mito, wakasali, wakasoma tangazo la uhuru kwa sauti, wakawasikiliza waliokumbuka, wakala pamoja. Baadaye siku hiyo ilipata jina la Juneteenth, lililoundwa kwa kubana neno la Kiingereza la Juni na lile la tarehe kumi na tisa likawa neno moja. Shida yao ya kwanza ilikuwa mahali. Mwenye ardhi aliweza kuwafukuza, na viwanja vya miji vilikuwa vya wazungu. Basi mwaka 1872, mjini Houston, watu ambao miaka saba tu nyuma walikuwa mali ya watu wengine, wakiongozwa na mchungaji Jack Yates na wenzake, walichanga dola 1,000 wakanunua ekari 10 za ardhi, kwa lengo la kuwa na mahali pa kusherehekea uhuru wao. Wakapaita Emancipation Park, yaani Bustani ya Ukombozi, na ipo hadi leo. Enzi za ubaguzi ulifika wakati ambapo ndiyo ilikuwa bustani ya umma pekee jijini Houston iliyowaruhusu watu weusi kuingia.

Jambo jingine walilolifanya baada ya uhuru ni kutafutana. Utumwa ulikuwa umewatenga mama na watoto wao, ukawauza ndugu huku na huko. Katika miaka ya 1880 gazeti moja la New Orleans, Southwestern Christian Advocate, lilikuwa na safu maalumu ya watu waliopoteana. Mtu aliandika jina la mama yake, jina la bwana aliyemmiliki, na mahali alipomwona mara ya mwisho, na wachungaji waliombwa kuyasoma matangazo hayo mbele ya waumini. Fikirini mtu mzima wa miaka hamsini akimtafuta mama aliyetengwa naye akiwa na miaka saba. Hakuwa na picha wala anwani. Alikuwa na jina tu, tena huenda lilikwisha kubadilishwa.

Serikali zilifuata nyuma kwa mwendo wa kobe. Bunge la Texas lilipitisha sheria ya kuifanya tarehe 19 Juni kuwa sikukuu ya jimbo mwaka 1979, kwa mswada wa mbunge Al Edwards, nayo ikaanza kutumika mwaka 1980. Kwa taifa zima, ilitiwa saini tarehe 17 Juni 2021. Miongoni mwa walioipigania ni bibi mmoja wa Fort Worth, mji anakoishi dada yangu, aitwaye Opal Lee. Tarehe 19 Juni 1939, alipokuwa na miaka 12, kundi la wazungu waliopinga familia yake kuhamia mtaani kwao liliivamia nyumba yao na kuiteketeza. Angalieni tarehe. Mwaka 2016, akiwa na miaka 89, alianza matembezi kuelekea Washington kudai sikukuu ya taifa, na katika miji aliyopita alikuwa akitembea maili mbili na nusu, kwa ukumbusho wa miaka miwili na nusu ambayo habari ilichelewa. Sheria ilipotiwa saini, alikuwapo. Na mwaka 2024 alikabidhiwa nyumba mpya iliyojengwa juu ya kiwanja kile kile walichochomewa nyumba.

Sasa turudi kwa dada.

Jirani yake ni mama mzee Mmarekani mweusi ambaye kila mwaka hualika watu uani kwake siku hiyo. Mezani mna vyakula na vinywaji vyekundu: tikiti maji, soda ya stroberi, keki nyekundu. Wengi hueleza kuwa wekundu huo ni kumbukumbu ya damu iliyomwagika. Baada ya kula, mama yule huwaomba wageni wamtaje mhenga wao wa mbali zaidi wanayemjua. Dada aliniambia wengi hukwama mahali pamoja. Sensa za Marekani za mwaka 1850 na 1860 ziliwaandika watumwa wengi mno bila majina: umri, jinsia na rangi, chini ya jina la mmiliki. Mjukuu mmoja wa mama yule alisimama akasema, "Mimi namtaja msichana wa miaka minane," akakaa. Hakuwa na zaidi ya hapo.

Kisha wakamgeukia dada. "Na kwenu, Afrika?"

"Nikawajibu kwamba kwetu Burundi hapakuwa na utumwa," aliniambia dada. "Nikasema mfalme wetu Mwezi Gisabo aliwazuia wafanyabiashara ya watumwa. Wakanipigia makofi."

"Lakini hiyo ni kweli," nikasema. "Tunaifundisha shuleni. Mwezi Gisabo alipambana na watu wa Rumaliza kutoka Ujiji."

"Ni kweli ya mfalme. Siyo ya bibi yetu."

Ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza, nikiwa na umri wa miaka thelathini na mitano, kwamba bibi aliyetulea, alipokuwa akimsuka dada nywele zamani, alimwambia kuwa bibi yake yeye aliletwa Ujiji akiwa amefungwa. Alimwambia mara moja tu. "Nadhani alijuta," alisema dada, "kwa sababu alinishika kidevu akaniambia, Usimwambie mtu."

Sikulala vizuri. Kijana wa safu ya nyuma alikuwa amelitupa jiwe lake gizani, na lilikuwa limeangukia mlangoni kwetu.

Jumamosi nilikwenda kwa mdogo wa marehemu bibi, ambaye bado yu hai huko Buyenzi. Nilimkuta barazani akichambua ndagala, ndiyo dagaa kwa Kiswahili cha wenzetu. Baada ya kuamkiana na kuulizana hali za watoto, nikamwuliza kwa uangalifu wote niliokuwa nao: bibi yenu alitoka wapi?

Mikono yake ikasimama. "Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma, bibi. Nataka kujua."

"Mjukuu wangu, mambo ya watu wa kale yatakupa nini? Una watoto wa kike. Utawaoza kwa nani?"

Akaendelea kuchambua ndagala kwa muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba posa ya kwanza ya bibi yangu ilirudishwa, kwa sababu wazee wa upande wa pili waliulizia ukoo wakaambiwa haujulikani. "Watu hupenda kusema, mkataa kwao mtumwa," alisema. "Sisi hatukukataa kwetu. Tulinyang'anywa. Halafu wakatuambia tumekataa."

Ninaifundisha methali hiyo kila mwaka. Ninawaeleza wanafunzi kwamba inamkanya anayeidharau asili yake. Sikuwahi kufikiri inavyosikika masikioni mwa mtu ambaye asili yake iliibwa.

Alilolijua bibi mdogo ni haba. Msichana alichukuliwa Manyema, akavushwa ziwa, akafikishwa Ujiji. Alipewa jina jipya, la kitu cha kupendeza, jina ambalo waungwana hawakuwapa binti zao wenyewe. Alipika, alilima, alizaa binti mmoja. Nikamwuliza aliachwa huru lini.

"Nani amwache? Hakuja mtu kusema uko huru. Wajerumani walikuwapo, mabwana zake walikuwa wamefilisika. Siku moja alimchukua mtoto wake akaondoka, na hakuna aliyemfuata. Ndiyo hivyo."

Wanafunzi wangu, nimesoma historia hii katika vitabu, lakini sikuielewa mpaka niliposikia maneno hayo: hakuna aliyemfuata. Manyema ndiko ulikokuwa mji wa Nyangwe, ambako Julai 1871 David Livingstone alishuhudia watu wenye bunduki wakiwafyatulia risasi wanawake waliokuja sokoni, na walioangamia walikadiriwa kuwa mamia. Uovu wa namna hiyo una tarehe. Uhuru wetu hauna. Unguja, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa tarehe 5 Juni 1873, lakini waliokwisha kumilikiwa waliendelea kumilikiwa. Amri ya mwaka 1897 iliondoa hali ya utumwa kisheria, ila mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kuomba uhuru wake, mabwana ndio waliolipwa fidia, na masuria hawakuhesabiwa hadi mwaka 1909. Pwani ya Kenya ilikuwa mwaka 1907. Katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, ambamo Ujiji na Burundi zote zilikuwamo, serikali haikuthubutu kuukata utumwa mara moja. Iliamuru tu kwamba watoto watakaozaliwa kuanzia mwaka 1906 watakuwa huru. Tanganyika ilisubiri sheria ya Waingereza ya mwaka 1922. Uhuru ulitujia kama mvua ya manyunyu: hakuna awezaye kusema ni tone gani lililomlowesha. Ndiyo maana hatuna tarehe 19 Juni yetu, na pasipo siku ni vigumu watu kukutana na kukumbuka. Penye kimya hicho ndipo neno "mtumwa" lilipogeuka kuwa tusi la watoto, na aibu ikahama kwa mtendaji ikamkalia mtendwa.

Siku ya kipindi kilichofuata, kabla ya kengele, nilimwita kijana wa Buyenzi pembeni, nikamwomba radhi. Nilimwambia kwamba mwalimu anaponyamaza mbele ya dhuluma, amechagua upande. Alijibu, "Nimezoea, mwalimu." Jibu hilo lilinihukumu zaidi kuliko lawama.

Darasani niliandika upya ubaoni: tuma, tumwa. Nikawaonyesha kwamba kutokana na mzizi huo tunapata "mtumwa", na pia tunapata "mtume", mjumbe anayeheshimiwa kuliko wote. Kitenzi ni kimoja. Tofauti iko kwa anayetuma na kwa hiari ya anayekwenda. Nikawaandikia na neno "mwungwana". Leo ni mtu mwenye adabu, lakini zamani lilimaanisha mtu huru, asiye mtumwa. Huko Manyema, watu wa misafara waliobeba bunduki waliitwa waungwana, ingawa wengi wao walikuwa watumwa wa wakuu wa misafara, na Kiswahili chao kikaitwa Kingwana, jina ambalo Kiswahili cha Kongo kilikwenda nalo miaka mingi. Kwa hiyo anayesema Kiswahili ni lugha ya wauza watumwa anasema nusu tu. Kilisemwa na aliyeshika mnyororo, na kilisemwa na aliyefungwa, ambaye alijifunza kwa lazima, akakifanya chake, akawaimbia watoto wake kwacho. Sisi wa Buyenzi wengi tumekirithi kwa huyo wa pili.

Kisha nikawasimulia habari za Galveston, za ekari 10 za Houston na za Opal Lee. Nilipomaliza, mkono ulioinuka ulikuwa wa kijana wa safu ya nyuma. Hakuomba radhi, aliuliza, "Mwalimu, wale wa Texas hawakuona aibu?" Nikamjibu ninavyoamini: huenda waliona, lakini walikutana kila mwaka wakaisema kwa sauti hadi aibu ikarudi kwa mwenyewe. Nikawaeleza kwamba Ibara ya 4 ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 inapiga marufuku utumwa wa kila namna, na kwamba Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 2 Desemba kuwa siku ya kukumbuka kazi ya kuutokomeza. Ni siku nzuri, lakini sikukuu ya Texas haikuanzia katika ofisi yoyote. Ilianza kwa watu wa kijiji kimoja au kanisa moja waliokubaliana kukaa pamoja na kusema majina.

Nasi tulijaribu, kwa kiasi chetu. Kila mwaka, kabla ya Ramadhani, ukoo wetu husoma hitima kwa ajili ya marehemu, na majina yao huandikwa kwenye karatasi ili yatajwe katika dua. Jina la yule bibi halikuwahi kuwamo. Safari hii niliomba liandikwe. Mjomba wangu alikataa. Binti yake amechumbiwa, na aliniuliza, mbele ya wote, kama niko tayari kuibeba aibu posa ikirudishwa. Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Hofu yake si ya kipuuzi, kwani ilikwisha kutokea. Aliyekata shauri ni bibi mdogo. Akasema, "Amekaa nje ya mlango miaka yote. Mwingizeni."

Likaandikwa jina. Lakini kwa desturi yetu jina la mwanamke hufuatiwa na la baba yake, binti fulani, na la baba hakuna aliyelijua. Kalamu ikasimama. Simu ilikuwa mkekani, dada akisikiliza kutoka Fort Worth, naye hakusema kitu. Bibi mdogo akafikiri, kisha akasema, "Andika binti Manyema."

Likasomwa hivyo, kati ya majina mengine, bila kupewa nafasi zaidi yao wala pungufu. Mjomba hakuitikia amina. Hakuondoka pia. Baada ya dua tulikula wali, na watoto wakawa wanauliza Manyema ni wapi. Mmoja wao alileta atlasi yake ya shule, tukaonyeshana.

Dada amesema Juni ijayo atakwenda tena kwa jirani, na safari hii atakapoulizwa habari za kwao atamtaja mtu badala ya mfalme.

Nanyi, wanafunzi, zoezi langu ni hili. Mwendeeni mzee mmoja wa kwenu, mmwulize kwa heshima: watu wetu walifikaje hapa? Kuna neno gani ambalo ulikatazwa kulisema ulipokuwa mtoto? Je, yupo wa kwetu ambaye jina lake halitajwi? Akikataa kujibu, msimlazimishe; mtengenezeeni chai mkae naye. Akijibu, andikeni kwa Kiswahili sanifu, aya tatu tu, na msilete darasani siri ya mtu bila idhini yake. Atakayeona kwamba mzee wake hana la kusema, na aandike hilo pia, kwa kuwa hata yule kijana wa Texas alikuwa na umri wa mtoto tu mkononi, miaka minane, na alisimama akautaja.